Stagg wa futiboli, Stagg wa basketi na Stagg wa ule uwanja wa Chicago ni mtu mmoja?

mkimbiza_upepo:

Wakuu habari za saa hizi. Nina swali linanisumbua wiki nzima, naomba mwenye kujua historia ya michezo ya vyuo vya Marekani anisaidie. Nilikuwa nafuatilia fainali ya futiboli ya vyuo vya divisheni ya tatu (namaanisha ile futiboli yao ya kubeba mpira mkononi na kuvaa helmeti) nikaona inaitwa Stagg Bowl. Sawa. Siku mbili baadae nasoma orodha ya watu wa kwanza kabisa kuingizwa kwenye jumba la heshima la basketi mwaka 1959, nakuta jina Amos Alonzo Stagg. Nikasema labda ndugu yake. Alafu jana nasoma habari za mwanafizikia Enrico Fermi na ule mtambo wa kwanza wa nyuklia uliowashwa tarehe 2 Desemba 1942, nakuta ulijengwa chini ya jukwaa la uwanja unaoitwa Stagg Field, Chicago.

Sasa huyu Stagg ni mmoja au ni ukoo mzima? Na kama ni mmoja aliwezaje? Maana saivi kocha wa timu moja tu ya chuo kikubwa ana jeshi la wasaidizi, kuna wa ulinzi, wa mashambulizi, wa mazoezi ya viungo, na bado muda hautoshi. Naomba majibu ya kueleweka, mi mwenyewe natamani sana kujua mtu wa hivyo alikuwa anaishije siku yake.

mzee_wa_besiboli:

Ni mtu mmoja huyo huyo ndugu yangu, na hapo hujamaliza, bado kuna besiboli na riadha. Ngoja nikueleze maana huyu mzee nimemsoma miaka mingi na kila nikirudi kwake napata kitu kipya.

Kazaliwa 16 Agosti 1862 West Orange, New Jersey, baba yake fundi viatu, watoto wanane, maisha ya kubangaiza. Alivyofika chuo cha Yale alikuwa maskini kweli kweli, anaishi chumba cha darini, anakula kwa kujibana mpaka afya ikayumba. Na alienda kule akitaka kuwa mchungaji, michezo haikuwa kwenye hesabu zake. Lakini mkono wake ulikuwa na kitu. Kwenye besiboli alikuwa pitcha, yule anayemrushia mpira mpigaji, akaibeba Yale mpaka ubingwa mwaka baada ya mwaka, timu za kulipwa zikamfuata na hela akazikataa. Kwake yeye mchezo wa kulipwa ulikuwa kama kuuza kitu kisichouzwa, na msimamo huo hakuuacha mpaka uzeeni. Kwenye futiboli alicheza mwisho wa mstari wa mbele, nafasi wanaita endi, na mwaka 1889 ilipotangazwa kwa mara ya kwanza timu ya wachezaji bora wa vyuo wa Marekani nzima na yeye yumo.

Uchungaji akauacha mwenyewe, aliona hawezi kusimama mbele ya watu akahubiri wakaguswa. Fikiria hilo, mtu kajipima kwa haki akaona wito wake utapita njia nyingine. Mwaka 1890 akaenda Springfield, Massachusetts, kwenye chuo cha YMCA (ile jumuiya ya Kikristo ya vijana) kilichokuwa kinaandaa walimu wa michezo, na pale kwenye timu yake ya futiboli yule anayesimama katikati ya mstari alikuwa James Naismith. Ndio, Naismith huyo huyo aliyebuni basketi Desemba 1891! Kwaiyo tarehe 11 Machi 1892, mchezo una miezi mitatu tu, wakacheza mbele ya watazamaji, wanafunzi dhidi ya walimu, wanafunzi wakashinda 5-1 na ile moja ya walimu aliifunga Stagg. Alikuwa anasukuma watu kama yuko kwenye futiboli, mazoea yana nguvu. Baadae mwaka 1896 yeye na mwenzake wa Iowa wakapanga mechi ya vyuo viwili, watu watano kila upande kama tunavyocheza leo, Chicago wakashinda 15-12. Ndo maana yuko kwenye lile jumba la basketi mkuu.

taji_la_kijani:

Aisee mechi ya kwanza ya basketi mbele ya watazamaji na yeye yumo uwanjani! Nimekaa kimya dakika nzima. Endeleeni wakuu.

pasi_ya_mbele:

Mzee hapo juu katupa chimbuko vizuri, mi niingie kwenye kazi yenyewe maana mleta mada anauliza aliwezaje.

Mnatakiwa mumjue mtu mmoja anaitwa William Rainey Harper. Huyu alikuwa profesa Yale, alimfundisha Stagg, alafu akawa rais wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Chicago kilichofungua milango Oktoba 1892. Harper alikuwa anajenga chuo kutoka sifuri na alitaka jina lisikike haraka, akamchukua Stagg kabla hata madarasa hayajaanza. Na hapa ndo penye siri yote: hakumuajiri kama kocha wa kukodi, alimpa cheo cha profesa mshiriki na kumfanya mkuu wa idara ya mazoezi ya mwili, ajira ya kudumu kama mwalimu wa kemia au wa historia. Siku zile timu nyingi zilikuwa chini ya wanafunzi wenyewe na nahodha wao, kocha akija anakuja msimu mmoja anapewa ahsante anaondoka. Stagg alikuwa na dawati, bajeti na amri juu ya michezo yote ya chuo. Kwaiyo ukiuliza aliwezaje kufundisha futiboli na besiboli na riadha, jibu ni kwamba ile ilikuwa kazi moja, idara moja, na yeye ndo idara.

Na msidhani alikuwa anafanya yote kwa wakati mmoja, michezo yao inafuata majira. Vuli ni futiboli. Baridi kali mko ndani ya ukumbi. Ikichipua nje ndo besiboli na riadha, na hapo kweli zinagongana, lakini wasaidizi aliokuwa nao ni wachezaji wake wa zamani ambao tayari wanajua anataka nini. Futiboli alikaa nayo Chicago misimu 41, mpaka 1932. Besiboli karibu misimu 20. Riadha miongo kama mitatu. Basketi ya chuo aliifundisha msimu mmoja tu, 1920-21, kwaiyo hapo tuwe wakweli, jina lake kwenye basketi linatokana na kuusambaza mchezo, hakukaa benchi sana.

Kitu ninachokipenda ni jinsi alivyokuwa anahamisha akili kutoka mchezo mmoja kwenda mwingine. Alipokuwa chuo cha Yale aliwatundikia wenzake godoro lililokunjwa wajifunze kukaba bila kuumizana, na kwenye besiboli anatajwa kama aliyebuni kile kizimba cha wavu cha kufanyia mazoezi ya kupiga. Ni mawazo ya mtu mmoja hayo, unatafuta namna ya kurudia kitendo kimoja mara mia bila kupoteza muda wala mwili. Mtu aliyefundisha mchezo mmoja maisha yake yote asingeyaona haraka hivyo, huo ndo mtazamo wangu.

Alafu ile 1892 timu ya kwanza ya Chicago ilikuwa na watu wachache mpaka kocha mwenyewe akavaa akaingia uwanjani kucheza. Sheria za leo hazikuwepo.

mkimbiza_upepo:

Mkuu pasi_ya_mbele umenifungua macho, nilikuwa najiuliza kuhusu kipaji kumbe nilitakiwa niulize kuhusu ajira. Sasa alishinda nini hasa? Na ule uwanja alijengewa yeye?

pasi_ya_mbele:

Ardhi ilitoka kwa tajiri wa maduka wa Chicago, Marshall Field, kwaiyo mwanzo uliitwa Marshall Field, jina la Stagg likaja baadae yeye bado yuko kazini pale pale.

Ushindi: ubingwa wa taifa wa 1905 na 1913, mataji ya konfarensi yao (ligi ya vyuo vya ukanda wao) ambayo leo tunaiita Big Ten (Chicago ni kati ya vyuo saba vilivyoianzisha 1896). Lakini kama una nafasi ya mechi moja tu soma ile ya 30 Novemba 1905 dhidi ya Michigan. Michigan ya kocha Fielding Yost ilikuwa imecheza mechi 56 bila kufungwa, timu inayofunga pointi mpaka watu wanachoka kuhesabu. Siku ile hakuna aliyevuka mstari wa goli. Dakika zinaisha, mpira unapigwa mguu kutoka Chicago unaenda nyuma kabisa ya goli la Michigan, mchezaji wao anaamua kutoka nao badala ya kuuacha, anakabwa anarudishwa nyuma ya mstari wake mwenyewe. Hiyo inaitwa sefti, pointi 2. Mechi ikaisha 2-0. Rekodi ya miaka minne imekatwa na pointi mbili!

Na angalia mwaka wenyewe, ni 1905 huo huo ambao vifo vya wachezaji vilikuwa vingi mpaka Rais Theodore Roosevelt akawaita watu wa vyuo kuwaambia mchezo utengenezwe, na 1906 pasi ya kurusha mbele ikaruhusiwa. Kuna makocha waliiogopa ile pasi. Stagg alikuwa kati ya waliokaa chini kuchora mipango yake mapema.

kumbukumbu_hai:

Naomba niweke na upande mwingine maana tukimpamba tu hatutamuelewa. Nampenda Stagg, alikuwa havuti, hanywi, hatukani, tusi lake kubwa kwa mchezaji lilikuwa kumuita punda. Lakini idara yake ilikuwa inakusanya mapato ya getini na kuyatumia yenyewe, na yule Walter Eckersall aliyeipiga ile mipira ya mguu siku ya 2-0, nyota mkubwa kuliko wote wa Chicago enzi zile, aliondoka chuoni bila digrii. Chuo kilichotaka kushindana na Harvard kwa elimu kilimtumia yule kijana miaka yote ya kucheza alafu darasani hakumaliza. Stagg aliamini kabisa kwamba michezo inajenga tabia, na mimi namuamini kwamba aliamini, ila nguvu aliyopewa na Harper ilikuwa kubwa na haikuwa na mtu wa kuiuliza maswali. Vyuo vya Marekani mpaka leo vinahangaika na jambo hilo hilo, na mbegu yake ilipandwa kwenye miaka hiyo.

mzee_wa_besiboli:

@kumbukumbu_hai uko sahihi na sikupingi. La Eckersall linauma.

Bi_Takwimu:

Jamani hamjamtaja Stella! Stella Robertson, waliooana na Stagg 1894, alikuwa mwanafunzi pale pale Chicago. Huyu mama alikuwa anakaa anaangalia mechi za wapinzani, anachora mipango yao ya uchezaji kwenye karatasi, anaweka kumbukumbu, yaani kazi ambayo leo klabu inalipa watu watano na kompyuta. Makocha wengi wa enzi ile walikuwa na wake waliokuwa wanawasubiri nyumbani na chakula, huyu mzee alikuwa na mwenzake wa kazi. Mtu akiniuliza aliwezaje michezo yote ile, mi naanzia kwa Stella kabla sijafika kwa Harper. Na waliishi pamoja miaka 70, alifariki 1964, mzee akamfuata mwaka uliofuata.

mkimbiza_upepo:

Dada Bi_Takwimu ahsante sana, hili la Stella sikuliona popote nilikosoma. Sasa niambieni, 1932 ilikuwaje akaondoka? Alichoka?

taji_la_kijani:

Hata mi nasubiri hapo.

kumbukumbu_hai:

Hakuchoka. Aliondolewa kwa umri. Hii sehemu mi huwa naisoma polepole.

Harper alifariki zamani, 1906. Mwaka 1929 chuo kikapata rais kijana sana, Robert Maynard Hutchins, ana miaka 30, mtu wa vitabu asiyeona faida ya futiboli kubwa kwenye chuo. Sheria ya chuo ilikuwa mtu akifika miaka 70 anastaafu, na Stagg akafika 70 Agosti 1932. Ni kweli pia timu ilikuwa imeshuka, miaka ya mwisho alikuwa anafungwa sana, vyuo vya majimbo vilikuwa vimekua vina wanafunzi wengi na wachezaji wakubwa wakubwa na Chicago ilikuwa inabana viwango vya kuingia. Wakampa njia ya heshima ya kubaki kwenye kazi ya ofisini ya kutafuta fedha na kutangaza michezo. Akakataa, akasema anataka kufundisha. Miaka 70 hiyo! Akapanda treni na Stella wakaenda Stockton, California, chuo kidogo kinaitwa College of the Pacific, akaanza upya 1933.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Mwaka 1938 Pacific ilisafiri mpaka Chicago kucheza na Chicago, kwenye uwanja wenye jina lake, na mzee wa miaka 76 akaifunga timu aliyoijenga kwa mikono yake 32-0. Mwaka uliofuata, Oktoba 1939, Michigan ikaja pale pale ikaifunga Chicago 85-0, na kocha wa Michigan siku hiyo alikuwa Fritz Crisler, aliyecheza chini ya Stagg Chicago na kuwa msaidizi wake. Desemba 1939 Hutchins akaifuta futiboli Chicago. Yaani uwanja ukabaki mtupu, na kwa kuwa ulikuwa mtupu, miaka mitatu baadae kile chumba chini ya jukwaa la magharibi kilikuwepo kwa ajili ya Fermi na matofali ya grafiti ya ule mtambo wake. Hapo ndo habari zako tatu zinapokutana mkuu mkimbiza_upepo.

Na Stagg 1943, ana miaka 81, akachaguliwa kocha bora wa mwaka wa futiboli ya vyuo. Ilikuwa vita, jeshi la majini lilikuwa limepeleka vijana kusoma Pacific na kati yao kulikuwa na wachezaji wazuri, wakazifunga timu za vyuo vikubwa, California na UCLA. Kuna wanaosema alibebwa na wale vijana wa jeshi. Vyuo vingi vilipewa vijana wa jeshi mwaka ule, kocha wa miaka 81 alikuwa mmoja.

Grambling_damu:

Naomba nichomeke mtu mwingine kwenye mada, samahani kama natoka nje kidogo ila mleta mada kauliza aliwezaje mtu mmoja kufanya yote, na kuna mwingine alifanya yote bila idara wala cheo cha profesa wala tajiri wa maduka. Kocha Eddie Robinson, Louisiana. Mwaka 1941 ana miaka 22 anachukua timu ya chuo kidogo cha Weusi ambacho baadae kikaitwa Grambling. Alifundisha futiboli na basketi, alikuwa anakata nyasi za uwanja mwenyewe, anachora mistari, anaandika habari za mechi kupeleka magazetini maana magazeti hayakuwa yanatuma mtu. Msimu wa kwanza akashinda 3 akafungwa 5. Msimu wa pili akashinda zote 9 na hakufungwa hata pointi moja, msimu mzima!

Alikaa chuo kimoja mpaka 1997 akamaliza na ushindi 408. Kwa hesabu, Stagg alikuwa na 314, Bear Bryant, kocha wa chuo cha Alabama, akampita 1981 kwa kufika 315, Robinson akampita Bryant 1985. Stagg alifundisha michezo mingi kwa sababu chuo kilimpa mamlaka yote, Robinson alifundisha michezo mingi kwa sababu chuo hakikuwa na hela ya mtu wa pili, na kwenye Kusini ile ya ubaguzi vijana wake walikuwa hawaruhusiwi hata kuomba nafasi vyuo vikubwa vya jirani. Doug Williams alitoka mikononi mwake, akawa kwotabeki (yule anayeongoza mashambulizi) wa kwanza Mweusi kuanza na kushinda Super Bowl, fainali ya futiboli ya kulipwa, Januari 1988. Ukiwaweka hawa wawili kwenye sentensi moja mi naridhika.

mzee_wa_besiboli:

Hujatoka nje ya mada hata kidogo. Mi nilikuwa sijui hilo la kuandika habari za mechi mwenyewe.

Bi_Takwimu:

Kwa kuongezea tu kabla sijalala, wakati jumba la heshima la futiboli ya vyuo linaingiza kundi la kwanza 1951, Stagg peke yake ndo aliingizwa kama mchezaji na pia kama kocha. Na mwaka huo 1951 alikuwa bado anafundisha! Alitoka Pacific 1946 walipomtaka awe mshauri tu, akaenda Susquehanna, Pennsylvania, kumsaidia mwanae Amos Alonzo Stagg mdogo aliyekuwa kocha pale, akiwa na miaka 84. Baba anapanga mashambulizi, mtoto ndo kocha mkuu. Akakaa mpaka 1952, afya ya Stella ikayumba wakarudi Stockton, na hapo akawa anaenda kwenye chuo kidogo cha mji kuwafundisha vijana kupiga mpira kwa mguu, mpaka 1960. Alikuwa na miaka 98. Alifariki Machi 1965 na miaka 102.

mkimbiza_upepo:

Wakuu sina la kusema, nimeprinti mjadala wote. Swali la mwisho kabisa, ule uwanja upo bado? Na hiyo Stagg Bowl kwanini iwe divisheni ya tatu, mtu mkubwa kama huyu si angepewa fainali ya vyuo vikubwa?

kumbukumbu_hai:

Uwanja wa zamani ulibomolewa 1957. Ukienda leo unakuta maktaba ya Regenstein, na karibu na pale mtambo ulipokuwa kuna sanamu ya shaba ya mchongaji Henry Moore, ilizinduliwa 1967, saa ile ile ya mchana ambayo mtambo uliwaka miaka 25 nyuma yake. Uwanja wa sasa wa chuo uko mitaa michache kutoka hapo na umerithi jina, Stagg Field.

Kuhusu divisheni, mi naona ndo mahali pake kabisa. Divisheni ya tatu vyuo havitoi udhamini wa masomo kwa ajili ya michezo, mchezaji anasoma kama mwanafunzi mwingine yeyote na anacheza kwa sababu anataka. Fainali imeitwa jina lake tangu 1973. Na Chicago yenyewe ilirudisha futiboli 1969, ndogo, bila kelele, na iko divisheni hiyo hiyo ya tatu.